Breki ya Msumeno: Aliyejua na Asiyejua

 Tumeombwa tueleze habari ya msumeno wa mnyororo wa kikundi chetu, ile mashine ambayo sisi tuliokulia Tanzania tunaiita chenso, kwa sababu maneno mengi yamesemwa juu yake hapa Kizuka na mengine si ya kweli. Tutaeleza jinsi tulivyoununua na kuutengeneza. Pamoja na hayo tumeona ni vema tuandike swali lililotugawa, maana linahusu mambo makubwa kuliko chenso: mtu akishajua kasoro ya chombo, ana deni gani kwa yule atakayekishika baada yake?

Wote mnajua kwa nini tuliutaka. Michikichi mingi ya pwani hii, kutoka Rumonge kushuka kuelekea Nyanza-Lac, imezeeka. Mchikichi ukizeeka haufi upesi, unazidi tu kwenda juu, hadi mkweaji anaogopa na mwenye shamba anapata mikungu michache. Wenye mashamba wanataka kuiangusha wapande mipya. Kwa shoka kazi hiyo inamaliza mtu, maana shina la mchikichi ni nyuzi tupu zenye maji. Sisi wa kikundi tuko kumi na mmoja. Wengi ni wana wa waliokimbia mwaka 1972, tukazaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, tukarudi miaka ya 2008 na 2009 pamoja na wenzetu zaidi ya elfu 50 wa makazi yale. Wawili ni ndugu zetu kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mashamba ya kututosha hatuna. Aliye na mikono bila shamba hutafuta kazi kwenye miti ya mwenzake.

Chenso mpya ilikuwa nje ya uwezo wetu. Mwaka 2023 tulipata iliyotumika kwa mfanyabiashara mmoja mjini, kwa theluthi hivi ya bei ya mpya. Hatukununua kwa macho tu. Katika kikundi yupo fundi aliyezoea pikipiki, akaikagua mbele ya muuzaji. Alivuta kamba ya kuwashia polepole asikie kama injini inamkataa mkono, maana ikivutika kama uzi, ndani hakuna kitu. Kisha akafungua ekzosi na kumulika pistoni kwa tochi kupitia tundu la kutolea moshi. Pistoni nzima huonekana laini. Iliyofanyishwa kazi bila oili huwa na mikwaruzo ya kusimama kama iliyokwanguliwa na kucha. Yetu ilikuwa na mikwaruzo miwili midogo. Tukaomba apunguze bei, akapunguza, tukashukuru Mungu tukarudi nyumbani tunaimba.

Hapa tuseme neno kwa vijana wanaofikiri kila injini ni ya pikipiki. Injini ya chenso haina mahali pake pa kuwekea oili ya injini. Oili inachanganywa na petroli kabla ya kutiwa: mashine nyingi za siku hizi, kwa oili yake maalumu, zinataka mililita 20 kwa lita moja ya petroli, mashine za zamani na oili za kawaida zinataka hadi mililita 40. (Ile oili nyingine inayotiwa kando ni ya kulainisha mnyororo tu.) Anayebana oili ili kuokoa fedha ananunua pistoni. Na mwaka ule petroli ilikuwa shida nchini, watu wakiuziwa kwa chupa kando ya barabara bila kujua kilichomo. Tulichuja kila tone kwa kitambaa.

Matengenezo yalichukua wiki tatu. Tulibadilisha ringi ya pistoni na plagi, pia mpira wa kupitishia petroli uliokuwa umepasuka, na ule utando mwembamba wa kabureta uliokuwa umekauka kama ngozi ya ngoma. Mnyororo tuliunoa kwa tupa ya mviringo, jino kwa jino. Siku fundi alipofungua kifuniko cha upande ili asafishe klachi, akanyamaza. Akatuita tuone.

Ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mshikio ulikuwepo mahali pake. Lakini ulikuwa umefungwa kwa waya, na ndani, ule ukanda wa chuma unaotakiwa kuizunguka ngoma ya klachi haukuwepo. Chenso ilikuwa na sura ya breki, breki yenyewe hakuna.

Kwa wasiojua, kazi ya breki hiyo ni hii. Ncha ya lile bapa la chuma linalobeba mnyororo, upande wa juu, ikigusa gogo au tawi bila kutazamiwa, msumeno mzima unarushwa juu na nyuma kumwelekea mshikaji, usoni au shingoni, kabla hajapepesa jicho. Wakati huo mkono wa plastiki unasukumwa mbele, ukanda unabana, na mnyororo unasimama mara moja. Breki za namna hii zilianza kuwekwa kwenye misumeno ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka ileile wazazi wetu walipokuwa wakivuka ziwa usiku. Kabla ya hapo watu walikata bila breki, na mashine za zamani zisizo nayo zingali zinafanya kazi katika misitu mingi ya eneo letu.

Tulikuwa tumekwisha kukubali kazi ya kuangusha michikichi ya mzee mmoja, na mwenye kuishika chenso alikuwa kijana wa kikundi, baba wa watoto wawili. Jioni ile tulikaa chini ya mwembe tukabishana hadi taa zikazimwa.

Wengine walisema: tuanze kazi, breki tutanunua kwa fedha ya kazi. Hoja yao si ya kipuuzi, na hatutaki mtu aicheke. Walisema kwamba njaa nayo inaua, na inaua watoto kwanza. Walisema wangapi wanakata bila breki na wako hai. Ndugu mmoja alisema jambo lingine: tumwuzie mtu wa mbali kwa bei tuliyonunulia, tusiseme neno, kama na sisi tulivyouziwa bila neno. Kijana mwenyewe alisema, "Mimi nakubali. Nipeni, nitakuwa mwangalifu."

Mzee wetu wa kanisa aliomba tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Habari ya miji ya makimbilio tumeisoma mara nyingi sisi watu wa makambi, tukijiona ndani yake. Lakini wangapi kati yetu walikuwa wameangalia mfano uliotolewa pale? Ni wa mkata miti! Watu wawili wanaingia msituni, mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini na kumpiga mwenziwe anakufa. Huyu anapewa mji wa kukimbilia kwa sababu hakukusudia na hakuwa na chuki. Tukafurahi, tukadhani neno limekwisha.

Mzee akauliza: na kama jana yake alikuwa ameona mpini umelegea?

Akatupeleka Kutoka 21, habari ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, hukumu yake ni nyingine kabisa. Ng'ombe ni yuleyule na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe aliambiwa.

Tunaamini hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Kabla fundi hajafungua kifuniko, tungeweza kuumizwa na chenso ile na kuwa watu wa kuhurumiwa. Baada ya kukifungua, mahali pale petu pa makimbilio palifungwa. Ni jambo gumu kulikubali, maana linaonekana kumwadhibu mwangalifu: anayefungua na kukagua anabeba mzigo, na asiyefungua analala usingizi. Ndugu mmoja alisema kwa hasira kwamba afadhali tusingeajiri macho ya fundi. Lakini asiyefungua kwa makusudi, akiogopa atakachokiona, naye tayari anajua kitu. Aliyefunga ule waya alijua. Waya haujifungi.

Na sisi wa pwani hii ndio wa mwisho wanaoweza kusema kwamba kujua hakuna uzito. Tuliporudi tulikuta mashamba ya baba zetu yana watu. Wengine walipewa na serikali, wengine walinunua kwa waliopewa. Kwa miaka mingi, mbele ya ile Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoanza mwaka 2006 hadi ilipomaliza kazi yake mwaka 2022, swali letu kwa aliyekaa lilikuwa moja: hukujua kwamba shamba hili lina wenyewe? Naye alijibu: niliuziwa, sikuambiwa. Wengine walisema kweli. Wengine walikuwa wameona makaburi ya babu zetu chini ya migomba, wakapanda michikichi juu yake. Tulidai kwa nguvu zote kwamba anayejua hawezi kuhesabiwa sawa na asiyejua. Je, tutalidai neno hilo kwenye ardhi, kisha tulitupe tunapouza chenso?

Neno la kijana, kwamba anakubali, ndilo lililotutesa zaidi. Kweli mtu mzima ana haki ya kuchagua hatari yake. Mvuvi anachagua ziwa kila usiku. Lakini mvuvi anajua upepo wa ziwa, na mtumbwi hajaupewa na rafiki aliyeziba tundu kwa matope. Tena tunajua kukubali kwa mtu mwenye shida kukoje. Ni wangapi kati yetu wametia kidole gumba kwenye karatasi ambazo hawakuzisoma, kwa kuwa nyuma ya meza kulikuwa na gunia la unga? Kwa hiyo hatukuona kwamba neno "nakubali" la baba wa watoto wawili, asiye na kazi nyingine, linatuondolea sisi kumi deni letu. Linaongeza heshima yake kwetu, deni likabaki palepale.

Basi tulifanya hivi. Ukanda tuliupata kwenye chenso iliyokufa, kwa fundi mwingine huko Bujumbura, baada ya wiki tano. Kazi ya yule mzee ilipotea. Alipata watu wengine. Familia mbili za kikundi zilikopa mbegu msimu ule, na mmoja wetu aliondoka kwenye kikundi, hatusalimiani vizuri mpaka leo. Hatuandiki haya ili tusifiwe. Tunaandika kwa sababu imesemwa kwamba fedha ililiwa.

Kwa muuzaji tulikwenda watu watatu, kwa upole. Alisema, "Hamkuuliza habari ya breki." Ni kweli hatukuuliza. Tulimulika pistoni tukasahau shingo ya kijana wetu. Hatukumdai fedha, ingawa wengine wanaona tungemdai, na hilo hatujalimaliza.

Tangu siku ile chenso ina daftari lake, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Limeandikwa kilichobadilishwa, kilichobaki, na aliyekagua. Sasa hivi limeandikwa kwamba kile kipande kidogo cha kukamata mnyororo unaokatika hakipo bado, na kwamba breki ijaribiwe kila asubuhi kabla ya kukata. Anayekuja kuazima husomewa kwanza. Mwezi uliopita vijana wawili wa kilima cha pili walikuja, wakasomewa, wakatazamana, wakaondoka kwenda kuazima nyingine ambayo haina daftari. Kijana wetu aliwafuata hadi barabarani kuwaambia waangalie chini ya kifuniko. Hatujui kama waliangalia.