Mwanangu, Kwanza Ijue Njia

Mwanangu, swali hili nimeulizwa na vijana wengi kabla yako, na kila mmoja hunijia akiwa ameshachagua moyoni. Video ipite kwa unikasti au kwa multikasti? Wewe naona multikasti imekuteka. Umesoma kwamba seva hutuma nakala moja badala ya mia mbili, ukaona ujanja wote umo humo. Kaa kwanza, unywe kahawa. Jambo hili haliamuliwi kwa mapenzi.

Tuichukue hiyo hoteli uliyopewa kazi. Tuseme ina vyumba 200, televisheni kila chumba, chaneli 40, na kila chaneli inakula megabiti 6 kwa sekunde. Kwa unikasti, kila televisheni huagiza mkondo wake peke yake. Usiku wa fainali wageni wote wakiwasha, hizo ni megabiti 1,200, na laini yako ya gigabiti 1 kutoka kwenye seva imeshazidiwa ingawa wote wanatazama mpira uleule. Kwa multikasti, seva hutoa mkondo mmoja kwa kila chaneli, na swichi ndizo zinazotoa nakala pale njia zinapogawanyika. Hata chaneli zote 40 zikitazamwa kwa wakati mmoja, seva haitoi zaidi ya megabiti 240. Mpiga mbiu hachoki zaidi kwa sababu mji umeongeza watu. Hapo sina ubishi nawe.

Ila mpiga mbiu hajui nani hakusikia. Mikondo hii husafiri kwa UDP, na pakiti ikipotea hakuna wa kuirudisha. Kwa kawaida pakiti moja hubeba vipande 7 vya video vya baiti 188 kila kimoja. Ikidondoka, picha inavunjika vigae mbele ya mgeni aliyelipa. Kwenye waya safi hutaliona hilo mara nyingi. Kwenye waya ulioungwa na fundi wa umeme aliyekuwa na haraka, utaliona kila jioni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo vijana huniamsha usiku. Televisheni ikitaka chaneli hutuma ombi la IGMP kujiunga na kundi. Swichi yenye akili huyachungulia maombi hayo ikajua mkondo uende mlango gani. Swichi isiyochungulia humwaga kila kitu kila mlango. Megabiti zako zinakwenda mpaka kwenye mashine ya risiti pale mapokezi, yenye mlango wa megabiti 100, halafu unaitwa kuambiwa kwamba printa imekufa. Printa ni nzima, imezama tu.

Na ukishawasha uchunguliaji huo, usiondoke ukidhani umemaliza. Lazima kuwe na muulizaji: ruta, au swichi moja iliyopewa kazi hiyo, anayeuliza kila baada ya sekunde 125 nani bado anatazama. Asipokuwepo, swichi nyingi husubiri sekunde 260 kisha zikafuta orodha. Picha inakuja vizuri, mwenye hoteli anakupa mkono, na baada ya dakika nne na ushei kila chumba ni giza. Kwa hiyo usijaribu mtambo kwa dakika mbili mbele ya bosi halafu ukapiga picha ya ushindi. Uache ukimbie, nenda kale, urudi. Anwani za makundi nazo zichukue ndani ya 239, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, lakini uikwepe 239.0.0. Za humo zikigeuzwa kuwa anwani za MAC hufanana na zile za 224.0.0 ambazo swichi humwaga kote, na jasho lako lote linakuwa bure. Hayo yamo kwenye vitabu. Sijui kwa nini hamyasomi.

Umeniambia pia mwenye hoteli anataka wageni watazame kwa simu wakiwa bwawani. Ndugu yangu, hewa si waya. Wi-Fi hupeleka multikasti bila kungoja uthibitisho kwamba imefika, na kwa kasi ya chini ili hata simu ya mbali isikie. Kwenye masafa ya gigahezi 5, kasi hiyo mara nyingi ni megabiti 6. Weka humo chaneli moja ya megabiti 6 uone kama kuna mtu atapata hata ujumbe wa WhatsApp. Kuna vituo vya Wi-Fi vinavyoigeuza multikasti kuwa unikasti kwenye hatua ya mwisho, na kwa simu chache vinasaidia. Zikiwa nyingi, umerudi kwenye hesabu ileile ya mwanzo. Wape wa bwawani unikasti yenye ubora mdogo. Hakuna anayehesabu nyasi za uwanja kwenye simu.

Na ile harusi ya ukumbini, ndugu wa Maskati na London waione moja kwa moja? Hapo multikasti itoe akilini. Usidhani wakubwa hawakujaribu. Steve Deering aliandika misingi yake, na hati ya RFC 1112 ikatoka mwaka 1989. Mwaka 1992 wahandisi walianza kujenga MBone, mtandao wa multikasti, kwa mahandaki juu ya intaneti, kwa kuwa ruta nyingi hazikuijua multikasti. Mwaka 1994 tamasha la Rolling Stones kule Dallas likarushwa humo. Lakini kila kundi hudai nafasi yake kwenye kumbukumbu ya ruta, na kampuni za mitandao hazikuona bili hiyo zimwandikie nani. Mwaka 2020 IETF, waandishi wa viwango vya intaneti, katika RFC 8815, ikashauri watu waache ile multikasti ya mtumaji yeyote baina ya mitandao ya wamiliki tofauti, wabaki na ile inayomtaja mtumaji. Hata hiyo, mtandao wa shangazi yako kule London hautakubebea.

Kwa harusi tumia HLS au ndugu zake. Video hukatwa vipande vya sekunde chache katika viwango kadhaa vya ubora, na mwenye laini dhaifu hujichukulia cha chini. Ni unikasti, ndiyo, lakini wewe unapandisha mkondo mmoja tu kwa kampuni ya usambazaji. Seva zake zilizo karibu na watazamaji ndizo zinazobeba mzigo. Watachelewa sekunde kadhaa, na ndoa haiharibiki kwa hilo. Mpira ndio huharibika, jirani akishangilia goli ambalo kwako bado halijafungwa.

Kwa hiyo jengo ni moja na majibu ni matatu. Multikasti ni ya pale unapomiliki kila kifaa njiani na watu wanatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nenda kaniletee orodha ya swichi zote za hoteli hiyo, kwa modeli, ukizitazama kwa macho yako. Usininakilie mchoro wa mkandarasi. Anza nyuma ya kaunta ya baa, hapo hapakosi swichi ya milango mitano ambayo haimo kwenye mchoro wowote.