Shemwindo alipokataza wana

Riwaya tulizosomeshwa zimetuzoesha picha moja: mila ni mzee, mabadiliko ni kijana, na wakigongana lazima mmoja avunjike. Okonkwo wa Chinua Achebe (1958) anajinyonga. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika *Rosa Mistika* (1971), anajiua pia, baada ya kulelewa kwa fimbo na baba yake, Zakaria. Sivipunguzii heshima vitabu hivi. Lakini anayevisoma akiwa Uvira, mji uliobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, ana haki ya kuuliza ni nani aliyemkabidhi mzee mila zote.

Wanyanga wa Walikale, Kivu Kaskazini, wana kisa kirefu cha Mwindo, cha kusimuliwa na kuimbwa. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alikiandika kutoka kinywani mwa msimulizi She-Karisi Rureke, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakakichapisha. Si mali ya Wavira, Wafuliiru wala Wabembe wa huku kwetu, ila hakuna Mkivu atakayekiona kigeni.

Shemwindo, mwami, yaani mtawala, wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume akizaliwa, atauawa. Amri hiyo ni mpya kabisa, hakuna babu aliyeiacha. Hesabu yake naiona hivi: binti akiolewa huleta mali nyumbani, ilhali mwana wa kiume huitoa, na mwisho wa yote hutaka kiti. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto anaponea huko huko majini na kwenda kumtafuta shangazi yake, Iyangura.

Sasa nani hapa ni mtu wa mila? Mtoto anadai kile walichodai watoto wote waliomtangulia: kupokewa na baba yake. Mwanamapinduzi ni mzee, na mapinduzi yake hayamfaidi mwingine.

Akina Shemwindo huku kwetu hawakuisha. Posa ikifika, mali inatajwa kwa dola za Marekani, na mzee anasema ndivyo mababu walivyoagiza. Mababu ambao dola hawakuiona. Simhukumu haraka. Tangu 1996 vita vimemnyang'anya ng'ombe na shamba, vikawavusha jamaa zake ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na wengine wakatokea huko wakaishia Marekani. Aliyenyang'anywa vyote hubakiwa na kauli, basi huipandisha bei. Kijana asiye na dola anamchukua msichana wakaishi hivyo hivyo, na mtaa mzima unasema kizazi kimeharibika. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeanza kuigeuza desturi.

Kinachonivuta zaidi katika kisa cha Mwindo ni namna kesi ya baba na mwana inavyosikilizwa. Mtoto anaporudi Tubondo, Shemwindo anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata hadi huko, anamrudisha akiwa hai, na mbele ya watu wote baba anakiri ile amri. Utawala unagawanywa, kila mmoja anabaki na sehemu yake. Ukimrudia Kezilahabi, Rosa na Zakaria nao wanakalishwa wajibu mashtaka, lakini mbele ya Mungu, wote wawili wakiwa wameshakufa. Naona Kezilahabi alijua kwamba baba na binti walihitaji baraza. Duniani hakuona la kuwakalisha.

Kisha kuna sehemu ambayo ningekuwa mwalimu ningeanzia hapo. Mwindo, mshindi, anamuua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba, ambaye ni radi. Nkuba anamnyakua mpaka juu; huko Mwindo anakaa mwaka mzima akipigwa na mvua na jua, kisha anarudishwa akiwa amekatazwa kuua mnyama. Yaani aliyemshitaki baba naye anashitakiwa, tena kwa kosa la jeuri ile ile ya kuamua peke yake nani aishi.

Atakayeandika riwaya ya Uvira ya leo ana kazi nzito kuliko ya Achebe. Mmisionari wa kubebeshwa lawama hana. Mchungaji wake ni mtoto wa mtaa huo huo, na mzee wake anahesabu kwa dola. Itambidi aamue ni nani akalishwe kwanza mbele ya watu, na kijana wake, akishinda, atachukuliwa na Nkuba yupi.