Alfajiri Baada ya Sabato

Wapendwa, juma hili nawaomba mfungue Injili ya Marko, sura ya 1, mstari wa 35. Tumezoea kuusoma kama somo la sala, na ndilo. Lakini rudini nyuma kidogo. Siku iliyotangulia ilikuwa Sabato: Yesu alifundisha katika sinagogi la Kapernaumu, akamponya mama mkwe wa Simoni, na jua lilipozama mlango ukajaa wagonjwa wa mji mzima. Nani angemlaumu kama angelala mpaka jua liwe kali? Yeye aliamka kungali giza, akatoka kwenda mahali pasipo watu.

Nayawaza hayo kila Jumamosi ninapopanda kilima chetu cha Kyambogo. Saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Jinja kule chini bado haijafurika magari, na nyasi za uwanja wa kriketi zina umande. Wapo wanaokimbia, wapo wazee wanaotembea taratibu, yupo kijana na daftari lake la michoro. Asubuhi moja nilisimama kuwatazama vijana wawili wakikimbia, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi. Mmoja wao haoni. Mwenzake alikuwa akimtajia njia: tuta, kona, mteremko. Chuo kikuu chetu cha hapa Kyambogo kilipoundwa mwaka 2003 kiliirithi taasisi ya taifa ya elimu maalumu, kwa hiyo kukutana na wanafunzi wasioona hapa si jambo geni. Kilichonigusa ni uso wa yule asiyeona. Alikuwa anacheka! Hawakuwa wakishindana na mtu, wala hapakuwa na aliyewangoja mwisho wa njia.

Nasema haya kwa sababu baadhi yenu huniambia, tena kwa aibu, kwamba bustani, gitaa au mbio za asubuhi ni kujipendelea wakati kazi zinawangoja. Sikubali. Simoni alimfuata Yesu kumwambia kuwa watu wote wanamtafuta, na shida zao zilikuwa za kweli. Lakini alfajiri yake alikwisha kuipata, na kutoka pale akaondoka kwenda kuhubiri miji mingine ya Galilaya.

Jumamosi hii acheni simu nyumbani, mtoke kabla jua halijachomoza. Na mwenye jirani asiyeweza kutoka peke yake, ampitie.