UGONJWA USIO NA JINA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nataka tuzungumze juu ya swali nililoulizwa na mwanafunzi wangu wa zamani, nami nikalijibu vibaya. Sikumwambia uwongo. Nilimpa maneno yaliyomo kitabuni, na juu ya hayo likawa jibu baya. Sikiliza kisa, kisha upime mwenyewe.

Mwanafunzi huyu ni mtoto wa pwani. Alisoma kwangu tangu alifu mpaka vitabu vya fiqhi. Alipooa alihamia Kifanya, kusini ya mji wa Njombe, katika njia iendayo Songea. Ni nchi ya Wabena, nchi ya baridi na vilima, ya viazi, mahindi na misonobari. Kazi yake ni kununua mbao na viazi na kuvileta huku kwetu.

Mkewe akaanza kuumwa na tumbo. Akawa anakonda, jioni homa, usiku jasho. Hospitali ya kwanza wakampima damu, mkojo na choo, hawakuona kitu. Ya pili wakampiga picha, hawakuona uvimbe. Mwisho daktari akasema, "Haya maradhi siyajui bado. Imebaki kumpasua tumbo tuone kwa macho."

Ndipo kijana akanipigia simu. "Shikamoo, Maalim. Gharama za kumtibu mke ni wajibu juu yangu?" Nikamjibu kama nilivyosomeshwa: katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, vitabu vya kale, na Minhaj ya Imam Nawawi ni kimojawapo, havikuhesabu dawa wala ujira wa tabibu katika nafaqa ya mke. Akasema, "Ahsanta, Maalim," tukaagana. Sikumwuliza mkewe ana nini. Sikumwuliza hata hali yake.

Baada ya wiki tatu mama wa yule binti alinijia nyumbani. Akaniambia, "Sheikh, mwanangu yungali kitandani. Mumewe asema vipimo vyote ni safi, pengine anajidekeza, na kwamba wewe umemwambia si lazima yake." Nilitahayari hata nikakosa la kumjibu. Asubuhi yake nikapanda basi la Makambako na Njombe.

Njia ni ndefu, nami nilipata wasaa wa kujihukumu. Tuanze na kitabu. Wanavyuoni wale hawakuwa watu wa roho ngumu. Walikuwa wakiandika kile ambacho kadhi aweza kumlazimisha mume akitoe, kwa zama ambazo tiba ilikuwa jambo la nadra na tabibu mara nyingi alibahatisha. Na wako wanavyuoni wa zama zetu, kama Sheikh Wahba Zuhayli wa Sham aliyefariki mwaka 2015, walioona kuwa matibabu siku hizi yamekuwa haja ya lazima kama chakula. Lakini hata tukiuacha upande huo, mpaka wa kadhi si mpaka wa mume. Katika Suratun Nisaa, aya ya 19, wanaume wameamrishwa kukaa na wake zao kwa wema. Na katika Suratur Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Kadhi aweza kukulazimisha kutoa kibaba cha unga. Huruma hawezi kukulazimisha, na nyumba haisimami kwa unga peke yake.

Basi kosa langu lilikuwa hili: niliulizwa na mume, nikajibu kama kwamba nimeulizwa na kadhi.

Lakini liko kosa jingine, ambalo naona limeenea majumbani mwetu. Mtu akivunjika mguu sote twamhurumia, kwa kuwa mguu twauona. Akiugua maradhi yasiyo na jina, huruma yetu yasita. Mmoja husema anajidekeza. Mwingine husema amerogwa, na jirani asiye na hatia akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Wa tatu husema ni dhambi zake. Ndugu msomaji, daktari akisema "sijui", hiyo ni khabari ya elimu ya daktari. Si ushahidi juu ya mgonjwa. Mtazame Nabii Ayub (a.s.). Qur'ani imetueleza dhiki yake, subira yake na kupona kwake, wala haikututajia jina la ugonjwa wake. Na wanavyuoni wametusimulia kwamba mkewe aliendelea kumhudumia wakati watu wengine walipomkimbia. Hakungoja kwanza aambiwe ni maradhi gani.

Kisha nikamkumbuka Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badr, walikuwa watu mia tatu na kitu tu, na kila mwanamume alihitajiwa. Mkewe Uthman, Bibi Ruqayya (r.a.), binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha Uthman abaki kumwuguza, na akamhakikishia ujira na fungu kama la aliyehudhuria vita. Na Bibi Ruqayya hakupona. Zayd bin Haritha alipofika Madina na bishara ya ushindi, watu walikuwa wanamaliza kumzika. Zingatia hapo. Uthman hakulipwa kwa kuwa mkewe alipona. Alilipwa kwa kuwa alikaa.

Nilipofika Kifanya nilimkuta mgonjwa amejikunja kwenye blanketi mbili. Kando yake yumo mama mmoja wa Kibena, Mkristo, ameleta uji wa moto. Akanisalimu, "Kamwene," akaendelea kumpepea uji upoe. Wahenga wetu wamesema mgonjwa haulizwi uji. Yule mama hakuuliza ugonjwa wala madhehebu. Nikamtazama mwanafunzi wangu, naye akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Mwanangu, aliyekosa kwanza ni mimi. Sasa tutengeneze." Kisha nikamsimulia khabari ya Badr. Akalia. Siku ile ile akauza mzigo wake wa mbao uliokuwa ukingojea bei nzuri.

Tulipofika hospitali nilimwambia amwulize daktari mambo matatu: unatafuta nini, utafanyaje ukikiona, na utafanyaje usipokiona. Majibu asikie mke mwenyewe, na yeye ndiye atoe idhini kwanza, kwani mwili ni wake. Aliposema ameridhika, ndipo karatasi zikatiwa sahihi. Damu walitoa mumewe na vijana wawili wa jirani.

Usiku wa kuamkia kupasuliwa alikatazwa kula. Shangazi mmoja akataka kumpa vijiko viwili vya uji kwa huruma. Tukamzuia, maana mtu akipigwa nusukaputi na tumbo lina chakula, chaweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa. Huruma nayo yataka elimu. Tukamwombea dua, na dawa tukaiacha mikononi mwa wenye kuijua. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu.

Alipasuliwa salama. Daktari akakata vipande vidogo vya nyama akavipeleka kupimwa, na jibu likachukua majuma kadhaa: kifua kikuu cha tumbo. Wengi hudhani kifua kikuu ni kukohoa tu, naye hakukohoa hata siku moja. Dawa zake ni za miezi sita, na katika Tanzania hutolewa bila malipo. Alizimaliza, na leo ni mzima, Alhamdulillahi.

Lakini usikichukue kisa hiki kwa kuwa jina limepatikana. Lau daktari angalifungua tumbo asione kitu, wajibu wa mume ungalikuwa ule ule, na haja ya mke kwake ingalizidi.

Basi ewe mume, na ewe mke ambaye mumeo ndiye mgonjwa, kazi haiishi mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji. Msaidie ainuke na kutembea kidogo kidogo mara daktari akiruhusu, kwani kulala tu huleta damu kuganda. Asibebe ndoo wala mtoto mzito kwa muda wa wiki sita hivi; chota maji wewe, wala usione haya. Mkumbushe kuwa sala ana ruhusa aisali ameketi, asipoweza alale ubavu, na kwamba kidonda kilichofungwa yako masharti mepesi ya kupangusa juu ya bendeji na kutayamamu. Na akikwambia anaumwa, mwamini.

Na sisi walimu, tukiulizwa "Je, ni wajibu?", tujifunze kuuliza kwanza, "Mgonjwa hajambo?"

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaokaa nao. Amin.

Wallahu aalam.