Kazi Iko Kwenye Mhogo

Kila mwaka vyuo vyetu, Sokoine na Dar es Salaam vikiwemo, huhitimisha vijana waliosomea bioteknolojia na fani zinazokaribiana nayo. Wanaondoka wakijua kutoa vinasaba kwenye jani, kuendesha mashine ya PCR, kuotesha mche ndani ya chupa. Halafu wanapekua matangazo ya ajira za Serikali wakilitafuta jina la shahada yao kwenye cheo cha kazi, na jina hilo hawalioni. Wengi hufikia uamuzi kwamba wamesomea kitu ambacho nchi haikihitaji.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu jioni moja akiwa na hoja hiyohiyo.

"Shikamoo mjomba. Nimeyasoma matangazo yote, kada yetu haimo."

Nikamuuliza mradi wake wa mwaka wa mwisho ulihusu nini. Akanijibu kwamba alikuwa akipima virusi kwenye mhogo. Nikamwambia aache kwanza kuitafuta bioteknolojia, atafute mhogo.

Serikali huajiri kwa kada zilizomo kwenye miundo ya utumishi, na miundo hiyo haibadiliki kila chuo kinapoanzisha programu mpya. Kazi ya mtu wa vinasaba inaweza kuwa imekaa chini ya cheo cha Afisa Utafiti, au Mkemia, au Mtaalamu wa Maabara, na shahada yake ikatajwa mistari kadhaa chini, kwenye sifa za mwombaji, katikati ya botania na maikrobiolojia. Asomaye vichwa vya matangazo tu atapitwa. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 ilimkabidhi Mkemia Mkuu wa Serikali kazi nzito za uchunguzi wa DNA. Wakala wa Maabara ya Veterinari hutengeneza chanjo ya kideri cha kuku. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, inalinda mazao yetu dhidi ya wadudu na magonjwa. Hizo zote ni kazi za watu wenye ujuzi huu, japo kwenye mabango ya ofisi hizo huwezi kuliona neno bioteknolojia. Maabara za hospitali ni habari nyingine, maana huko hutakiwa usajili wa waliosomea maabara za tiba, na ni vyema kijana alijue hilo mapema.

Lakini nilitaka kuzungumzia mhogo.

Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza kuhangaika na batobato, ugonjwa unaokunja majani ya mhogo na kupunguza mavuno. Wakauchanganya mhogo na ndugu yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, ambao ulistahimili ugonjwa lakini mizizi yake haikuwa ya kuliwa. Kwa hiyo kila kizazi kilipaswa kurudishwa kwa mhogo, kichujwe, kipandwe tena, kingojewe. Hakukuwa na PCR. Walikuwa na macho, daftari na msimu wa mvua. Storey ndiye pia aliyeuelezea ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mwaka 1936. Miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na kutoka kwenye kizazi chake zikapatikana aina ambazo taasisi ya IITA ya Ibadan ilizitumia kuzalisha mihogo inayolimwa leo sehemu nyingi za Afrika.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mpwa wangu, kwa urefu kuliko alivyotarajia. Michirizi ya kahawia bado inaozesha mihogo ukanda wa pwani. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kituo cha Mikocheni, wamekuwa wakiutafiti ugonjwa huo kwa vifaa ambavyo Storey hakuviota. Kazi hiyo ina karibu karne moja na haijakamilika, kwa hiyo siwezi kukubali kwamba binti anayejua kupima virusi vya mhogo hana mahali pake katika nchi hii.

Wapo walioogopeshwa na habari za Makutupora. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalipandwa huko kwa majaribio mwaka 2016, na mwaka 2018 Serikali ikaamuru majaribio yasitishwe. Vijana kadhaa wakadhani fani yao yote imepigwa marufuku. Haikupigwa. Kuzalisha miche safi kwa chupa, kutambua magonjwa, kuchagua mbegu kwa kusoma vinasaba vyake, hayo yote yanaendelea.

Njia yenyewe ya kuingia kwenye kazi za Serikali inafahamika: maombi kupitia Sekretarieti ya Ajira, usaili wa mchujo, wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha wa ana kwa ana. Aliyefaulu na nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, akisubiri kupangiwa kituo. Kufaulu na bado ukakaa nyumbani kunaumiza kuliko kufeli, na sitaki kumdanganya mtu yeyote kwamba subira peke yake inatosha. Nafasi za watafiti ni chache kwa sababu fedha za utafiti ni chache. Mwaka 2006, huko Khartoum, Umoja wa Afrika uliazimia kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa ajili ya utafiti. Tanzania, sawa na nchi nyingi za bara hili, haijafika hapo.

Linaloniuma zaidi ni kujitolea. Mhitimu anaambiwa aende kituoni afanye kazi bila malipo ili apate uzoefu, na uzoefu huo kweli humsaidia mbele ya jopo la usaili. Kijana ambaye nyumbani kwao ni Mwenge anaweza kwenda Mikocheni kila siku na kurudi kula kwa mama. Mtoto wa mkulima wa Nachingwea, huenda mwenye alama nzuri kumzidi, hana pa kulala mjini. Kwa hiyo mchujo wa kwanza wa watafiti wetu unafanyika kabla ya tangazo kutoka, na kinachopimwa ni mfuko wa mzazi. Miradi mingi ya utafiti ina fungu la mafuta ya gari na la semina. Ikiwekewa na fungu dogo la posho kwa wanaojitolea, nauli na mlo wa mchana, haitasimama kwa sababu hiyo.

Mpwa wangu ameshaandika barua kwa kituo kinachoshughulikia mihogo, ameambatisha na matokeo ya mradi wake, siyo cheti tu. Akikubaliwa atapanga chumba na mwenzake waliyemaliza naye. Kodi ya upande wake kwa miezi ya mwanzo nitalipa mimi. Mwenzake hana mjomba mwenye mshahara, na wanaopanga bajeti za utafiti ndio wanaopaswa kuniambia yeye atalipiwa na nani.