"Simu Iliganda": Je, Neno Hili Latosha?



Siku hizi liko neno moja lisikiwalo sana katika sharika zetu, katika vikao vya wazee na hata mlangoni pa kanisa. Mtu aliyengojwa hakufika, au aliyeahidi kuleta habari hakuleta, naye akiulizwa hujibu, "Simu iliganda." Akiisha kusema hivyo, huona shauri limekwisha. Basi na tulitafakari neno hili: Je, simu ikiganda njiani, mwenye simu amefunguliwa katika ahadi yake?

Tufanye mfano. Mzee wa kanisa amekabidhiwa fedha zilizochangwa kwa ajili ya mjane aliyelazwa hospitalini. Fedha zimo katika akaunti ya simu yake, naye amemwahidi yule mama kwamba zitamfikia kabla ya saa kumi alasiri, apate kulipia dawa. Siku ile ile mzee ana safari ya kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam, mwendo upitao kilometa 500. Asema moyoni, "Nitazituma nikiwa ndani ya basi." Basi lapita Same katika joto la nyika, nalo lifikapo Korogwe atoa simu mfukoni. Loo! Kioo kimesimama, hakisikii kidole, wala simu haikubali kuzimwa. Saa kumi yapita. Mzee afika mjini usiku, na mama hajapata kitu.

Hatia ni ya nani? Tusiharakishe kuhukumu. Simu janja ni mashine yenye kazi nyingi. Nafasi yake ikijaa picha na video, au programu nyingi zikifunguliwa pamoja, au betri ikichakaa, au ikikaa juani dirishani mwa gari, yaweza kuganda. Tena mahali ambapo mtandao ni hafifu hutumia nguvu nyingi kuutafuta mnara, na chaji hupungua upesi. Hayo ni mambo ya mashine, kama vile tairi lipatavyo pancha. Ikiwa simu ilikuwa nzima, ikaharibika ghafula, na mwenyewe akajitahidi kwa kila njia aliyokuwa nayo, hapana wa kumshitaki. Mungu hamdai mtu jambo asiloliweza.

Walakini ziko hali mbili nyingine, na humo ndimo tunamojificha.

Hali ya kwanza ni uzembe. Yamkini simu ile yaganda kila siku tangu majuma matatu, na mwenyewe ajua. Mithali 25:19 yafananisha kumtegemea mtu asiye mwaminifu siku ya taabu na jino bovu na mguu ulioteguka. Mwenye jino bovu hatafuni mfupa kwa jino lile, wala mwenye mguu ulioteguka hatoki kwenda mbio. Basi mtu ajuaye kwamba chombo chake ni kibovu, kisha akaifunga haja ya mjane juu ya chombo hicho, huyo hakupatwa na ajali, amechagua. Kosa lake halikuanza Korogwe. Lilianza Moshi asubuhi, alipokuwa na mtandao mzuri na nafasi ya kutuma, akaahirisha.

Labda mtu atajibu, "Mchungaji, umaskini si dhambi. Sina fedha za kununua simu mpya." Ni kweli, wala hapana aibu kuwa na simu mbovu. Lakini uaminifu haungoji simu mpya. Kipande cha karatasi chenye namba za watu wanne au watano hakina bei kubwa. Hata kusema kweli mapema ni sehemu ya uaminifu: "Mama, simu yangu huganda. Usiponipata, mpigie mwenzangu fulani, naye ajua habari yako." Maneno hayo machache yangalimwokoa mjane na mzee pia.

Tena tukumbuke kwamba fedha haimo ndani ya simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, wakati wengi wetu tulikuwa na simu za vitufe tu. Na hata leo kitochi chatosha kutuma fedha. Akiba hufuata namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu na kwa alama za vidole vyake. Simu ikifa, akiba haifi. Mwenyewe aweza kuitia laini yake katika simu nyingine iifaayo, akabonyeza namba yake ya siri kwa mkono wake pasipo kumtajia mtu, na fedha zikaenda. Vivyo hivyo ahadi haimo ndani ya simu. Nayo imeandikwa kwa jina la mtu, katika moyo wa yule aliyeahidiwa. Kioo kikisimama, ahadi haisimami. Yangali ikimdai mwenyewe, naye yampasa kuitafutia njia nyingine.

Hali ya pili ni uongo. Wako wasemao simu iliganda, kumbe walisahau, au walilala, au walizitumia fedha za watu. Uongo huu ni mwepesi kwa kuwa hapana shahidi: nani atakayekwenda kuiuliza simu? Lakini mwenye kuusema hamwibii mmoja tu. Amwibia hata yule ambaye simu yake itaganda kweli kesho, maana watu watakuwa wamechoka kuamini.

Sasa tuwatazame waliongoja. Saa kumi ilipopita, jirani wa yule mjane wakaanza kusema, "Mzee amezila fedha. Amezima simu kusudi." Kabla ya jua kuchwa neno lilikuwa limefika kwa wanakwaya. Hapa nasi tuna hatia, tena kubwa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther aliifafanua amri ya nane kwamba haitoshi kutomsingizia jirani. Yatupasa pia kumtetea na kuyatafsiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Simu isiyojibiwa si ushahidi wa wizi. Wazee wetu, kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, walimngoja msafiri siku nyingi pasipo habari zake. Sisi twashindwa kungoja saa mbili bila kumvika mtu jina baya.

Wala kumtafsiri mtu vema si kumwacha mjane ateseke. Waliokuwapo wangalimtafuta mzee mwingine, wakachanga tena kidogo, dawa ikapatikana. Kisha mwenye fedha arudipo aulizwe hesabu mbele ya wazee, kwa upole na kwa uwazi.

Kwa hiyo jibu la swali letu lina pande mbili. Neno "simu iliganda" likitoka kinywani mwangu, lisinitoshe. Na nijiulize kama nilijua, kama niliahirisha, kama nilitafuta njia nyingine. Likitoka kinywani mwa mwenzangu, na nilipokee hata itakapojulikana vingine. Sisi twapenda kugeuza kipimo hiki: tunajisamehe upesi na kuwashitaki wengine upesi.

Basi enyi wasafiri, hasa ninyi waalimu wa sharika mnaotumwa mara kwa mara, shikeni haya. Timizeni ya watu kabla hamjapanda gari. Punguzeni picha na video zisizo na kazi. Andikeni namba katika daftari. Simu ikiganda, itoeni juani, ishikeni swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi au zaidi. Katika simu nyingi hushikwa pamoja na kitufe cha kupunguza sauti. Itajizima na kuwaka upya, na picha zenu hazitapotea kwa hilo. Ikikataa, mwombeni abiria mwenzenu simu yake, mpeleke neno moja kwa anayewangoja. Na mkiisha kufika, lililo la kwanza liwe kumtafuta yule aliyepata hasara, kumweleza kweli yote, na kuitengeneza hasara yake kabla ya kuitengeneza simu.

Bwana awalinde njiani, na maneno yenu yafike salama pamoja nanyi. Amina.