Grisi Iliyoziponza Bunduki

Mwaka 1921, kwenye mashindano ya taifa ya kulenga shabaha ya Marekani huko Camp Perry, Ohio, ukingoni mwa Ziwa Erie, washindani waligawiwa risasi za aina mpya. Vichwa vyake vilikuwa vyeupe kwa sababu vilipakwa utando wa bati. Zilitoka kwenye kiwanda cha serikali cha Frankford Arsenal, Philadelphia, na zilikuja na onyo: zisipakwe grisi. Kuna waliosikia, na kuna waliojifanya hawakusikia.

Lakini kwa nini mtu apake risasi grisi? Bunduki ya siku hizo ilikuwa Springfield ya 1903. Kichwa cha risasi yake kilivikwa koti la shaba iliyochanganywa na nikeli, na kwa kuwa kilitoka kwa kasi inayozidi mita 800 kwa sekunde, koti hilo liliacha mabaki ndani ya mtutu. Wala hayakuwa masizi ya kufuta kwa kitambaa. Yalikuwa mapande ya metali yaliyoganda karibu na mdomo wa mtutu, na yakishaganda hapo shabaha inakwenda kombo. Dawa ya kuyaondoa ilikuwa adhabu tupu: unaziba chemba kwa kizibo, unajaza mtutu mchanganyiko wa amonia kali, unasubiri, kisha unaumwaga na kuosha haraka, kwa sababu ukikaukia ndani unakula chuma chenyewe.

Walengaji wakapata njia ya mkato. Mtu alikuwa na kikopo cha grisi pembeni, anachovya ncha ya risasi, anapakia, anapiga. Mabaki yalipungua kweli, na tabia ikaota mizizi. Tabia inayozaa matunda kidogo ni ngumu kung'oa kuliko ile isiyozaa kabisa.

Tatizo ni kwamba grisi haikai ilipopakwa. Hutambaa hadi kwenye ganda, na kutoka kwenye ganda hadi kwenye kuta za chemba. Ganda kavu likitanuliwa na shinikizo la baruti hushika kuta za chemba na kubeba sehemu ya mzigo. Lenye grisi halishiki kitu, na linarudi nyuma kwa nguvu zake zote juu ya bolti. Springfield ilivumilia hayo kwa miaka kadhaa, na uvumilivu wake ukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba grisi haina neno.

Ndipo likaja bati. Nia ya Frankford ilikuwa njema: kuwaondolea watu kero ya mabaki, na mabaki kweli yalikoma. Ila bati likikaa limebanwa kwenye shingo ya ganda hung'ang'ania kana kwamba limelehemiwa, bila moto wowote. Kichwa cha risasi kikawa kinahitaji nguvu kubwa kuchomoka. Katika chemba kavu shingo ya ganda ina nafasi ndogo ya kutanuka, ikakiachia kichwa kiende zake. Nafasi hiyo ikijaa grisi, shingo haina pa kutanukia, kichwa hakiachiwi, na shinikizo linapanda hadi pale ambapo chuma hakikutengenezwa kulistahimili. Bunduki zikapasuka. Julian Hatcher, ofisa wa silaha wa jeshi la Marekani, ameyaeleza kwa kirefu katika Hatcher's Notebook, kitabu kilichotoka mwaka 1947. Walioponzwa na grisi hawakuwa wanagenzi. Mwanagenzi hakuwa na kikopo. Mwenye kikopo alikuwa mkongwe.

Nimekitoa kisa hiki kwa sababu ya swali ambalo bado linawagawa wenye bunduki, hasa huko huko Marekani: je, mtutu mpya unahitaji kuzoeshwa kabla ya kutumika? Koti la nikeli lilishastaafu, mahali pake pakachukuliwa na shaba yenye zinki kidogo, ambayo mabaki yake ni machache na laini. Kilichobaki ni ile hamu ya kuufanyia mtutu jambo.

Utaratibu wenyewe hautofautiani sana popote uendapo. Piga risasi moja, safisha mtutu hadi ung'ae, piga nyingine, safisha tena. Baada ya kama kumi hivi, unasafisha kila baada ya risasi tatu, kisha tano. Wapo wanaofika hamsini. Wengi huutetea kwa mfano wa injini mpya, ambayo haikimbizwi siku ya kwanza. Mfano huo unapotosha. Ndani ya injini pete na silinda husuguana maelfu ya mara hadi zizoeane. Mtutu hausuguani na mwenzake. Kila kichwa cha risasi hupita mara moja tu, kikaenda.

Hata hivyo wanaouunga mkono si wajinga. Krieger, watengenezaji wa mitutu wa Wisconsin, wana hoja ya kueleweka. Mtutu wao husuguliwa ndani kwa unga wa msasa, na mikwaruzo midogo inayobaki hufuata njia ya risasi. Lakini fundi anapokereza chemba, kifaa chake huacha mikwaruzo inayokata njia hiyo, pale kwenye koo la mtutu. Mikwaruzo hiyo huparua shaba, shaba ikageuka mvuke kwa joto la baruti, kisha ikaganda mbele. Risasi za mwanzo hulilainisha koo, na kusafisha katikati huzuia shaba isilifunike kabla halijalainika. Kwa upande wa pili alikuwepo Gale McMillan wa Arizona, fundi aliyeheshimika, ambaye alisema wazi kwamba mambo haya yalianzishwa na mtengenezaji mwenzake ili watu wachakaze mitutu na kurudi kununua mingine. Ni tuhuma kali, lakini hesabu yake haipuuziki. Mtutu wa bunduki ya mashindano kama 6.5-284 huanza kupoteza ubora baada ya risasi 1,000 hadi 1,500. Ukitumia 50 kwa kuuzoesha, umekwisha kula sehemu ya umri wake.

Kwa nini ubishi hauishi? Kwa sababu mtutu mmoja hauwi mpya mara mbili. Ukiuzoesha ukalenga vizuri, hujui ungelenga vipi bila kuzoeshwa. Na mitutu miwili iliyokatwa kutoka nondo moja haifanani. Kupata jibu kungehitaji mitutu mingi na risasi maelfu, na nani atatoa fedha hizo?

Madhara ya kusafisha kupita kiasi, kinyume chake, yanaonekana kwa macho. Mtazame mtu aliyeinama juu ya bunduki yake mpya mezani. Dawa ya amonia ikigusa shaba hugeuka buluu. Anapitisha kitambaa, kinatoka na buluu. Anaongeza dawa, anapitisha kingine, buluu ileile. Saa inakwisha. Hajatambua kwamba kichwa cha ufito anaoshikia kitambaa ni cha aloi ya shaba, na dawa inakila chenyewe. Mtutu ulishatakata zamani. Anachokisafisha ni kifaa chake cha kusafishia. Wakati huohuo ufito unapinda kila anaposukuma na kusugua ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio kitu cha mwisho kugusana na kichwa cha risasi. Ukilika upande mmoja, gesi hutoka upande huo mapema na kukisukuma kando. Basi shabaha iliyokuwa nzuri inaharibika, naye anahitimisha kwamba hakuuzoesha vya kutosha.

Kwangu mimi, bunduki ya kiwandani ya kuwindia haihitaji ibada hii. Hakikisha haina risasi, pitisha kitambaa utoe mafuta na vumbi la chuma vilivyobaki kiwandani, kisha nenda uwanjani ukapige. Mtutu uliosuguliwa kwa mkono na kununuliwa kwa bei kubwa unakuja na karatasi ya aliyeutengeneza. Ifuate ilivyo, usiongeze lako. Tumia ufito mzima usio na viungo, uingizie upande wa chemba kupitia kifaa cha kuuongoza kinachouzuia kupinda, na dawa yenye amonia usiiache ndani ukaenda kula. Ukiona buluu isiyokwisha, badili kichwa cha ufito kabla hujabadili dawa. Na ikiwa shabaha zako zimetawanyika, kagua kwanza skrubu za darubini: zikilegea, hakuna usafi wa mtutu utakaozirudisha shabaha pamoja.